Kuipa Prosesa ya Laptopi Kasi Zaidi: Mwongozo kwa Wanaoitegemea Kazini

Mwongozo huu ni wa watu ambao riziki yao inapitia kwenye laptopi: mhasibu, msanifu wa majengo, mhariri wa video, mwalimu anayeandaa masomo, mwenye ofisi ndogo ya kuchapa na kutafsiri. Unajibu swali moja. Je, inafaa kuichezea prosesa ili ikimbie zaidi, ilhali kufanya hivyo kunaweza kukukosesha waranti?

Jibu linategemea hatua unayotaka kuichukua. Ziko hatua zisizogusa waranti hata kidogo, ziko zinazoitia shaka, na ziko zinazoifuta; hapa chini zimepangwa katika madaraja matano. Katika laptopi nyingi faida kubwa inapatikana kwenye hatua za mwanzo. Kadiri unavyopanda, faida inapungua na hatari inaongezeka. Kwa hiyo utaratibu ni huu: pima, panda daraja moja, pima tena, na simama pale kazi inapoanza kwenda sawa.

1. MASHINE NI YA NANI, NA WARANTI NI YA NANI

Laptopi ya mwajiri usiiguse. Hata kama umekaa nayo miaka mitatu na unailaza nyumbani, si mali yako, na uharibifu wowote utasomeka kama utovu wa nidhamu. Andika ombi kwa kitengo cha TEHAMA, taja kazi inayochelewa na muda inaouchukua. Ombi lenye vipimo vya sehemu ya 3 ya mwongozo huu husikilizwa zaidi kuliko malalamiko kwamba mashine ni nzito.

Kwa laptopi yako mwenyewe, tofautisha waranti mbili. Ya kwanza ni ya mtengenezaji. Hii hufuata namba ya utambulisho iliyobandikwa chini ya mashine, na unaweza kuiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni ukaona tarehe ya mwisho. Angalia pia kama inatambulika nchini mwako, kwani mashine iliyonunuliwa Dubai huenda ikawa na waranti isiyofanya kazi Mombasa au Mwanza. Ya pili ni ya duka. Mashine zilizotumika, zinazouzwa kwa wingi Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, mara nyingi huwa zimemaliza waranti ya mtengenezaji, na kilichobaki ni ahadi ya muuzaji ya wiki au miezi kadhaa. Ahadi hiyo huandikwa kwenye risiti na kulindwa na stika ndogo juu ya skrubu. Ukiipasua stika, umeivunja ahadi.

Waranti hufidia kasoro ya kiwandani. Haifidii uharibifu wa mkono wa mtumiaji. Intel na AMD zote zimeweka wazi kwamba kubadili mapigo (mwendo unaopimwa kwa GHz) au volti ya prosesa nje ya viwango vyao kunaweza kufuta waranti. Nchini Marekani kuna sheria ya mwaka 1975, inayojulikana kama Magnuson-Moss, na mwaka 2018 tume ya biashara ya huko iliwaonya wauzaji kwamba stika peke yake si sababu ya kumnyima mteja haki yake. Usilihamishe tangazo hilo hadi duka la Nairobi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, na Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Zisome kama kinga dhidi ya muuzaji anayekudanganya. Usizitegemee zikufidie kwa kifaa ulichokiunguza mwenyewe.

2. JUA PROSESA ULIYO NAYO

Jina la prosesa linaeleza mengi. Chukua mfano wa Core i5-8250U, iliyomo katika ThinkPad T480 na laptopi nyingi za kiofisi za mwaka 2018. Tarakimu 8 ni kizazi chake. Herufi U inamaanisha ni prosesa ya umeme mdogo, iliyopangiwa wati 15. Herufi H huashiria prosesa kubwa zaidi, za wati 45 kwa kawaida. Herufi HK na HX, kwa kawaida, ni za prosesa ambazo kizidishi chake hakikufungwa, yaani mtumiaji anaweza kuyapandisha mapigo kupita yale ya kiwandani. Katika U, P na H za Intel kizidishi kimefungwa. Ryzen nyingi za laptopi nazo zimefungwa.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza muda. Wanatafuta namna ya kupandisha mapigo ya prosesa ambayo haipandishiki. Ikiwa yako inaishia na U, ondoa wazo hilo kichwani. Kinachowezekana ni kuirudishia kasi ambayo tayari inayo na inashindwa kuitumia.

Na kasi hiyo si ndogo. i5-8250U ina mapigo ya msingi ya GHz 1.6 na inaweza kufika GHz 3.4. Kati ya namba hizo mbili pana nafasi kubwa, na mahali mashine yako inaposimama panaamuliwa na mambo mawili: joto na wati. Prosesa nyingi za Intel hujibana zinapokaribia nyuzi joto 100 ili zisiungue. Na hata zikiwa na ubaridi, huruhusiwa kula umeme mwingi kwa muda mfupi tu, sekunde 28 katika mashine nyingi, kisha hurudishwa kwenye kiwango chake cha kudumu. Ndiyo maana laptopi hufungua faili haraka, lakini ikipewa kazi ya dakika 20 hupunguza mwendo kabla haijamaliza dakika ya kwanza.

3. PIMA KABLA YA KUGUSA

Pakua programu mbili za bure: HWiNFO, inayoonyesha joto, mapigo na wati, na Cinebench R23, inayoifanyisha prosesa kazi nzito kwa dakika 10. Zichukue kwenye tovuti za watengenezaji wake, usinakili kutoka kwenye flashi ya mtu. Chomeka chaja, weka laptopi mezani, funga programu nyingine, endesha jaribio. Andika alama ulizopata, joto la juu kabisa, mapigo ya dakika ya mwisho, na hali ya chumba. Hali ya chumba ina uzito: feni hupoza kwa kutumia hewa iliyopo, na mashine inayofika nyuzi 85 katika ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 23 itakaribia 95 katika chumba cha nyuzi 33 cha Dar es Salaam mwezi Februari.

Kisha fanya kipimo cha pili kwa kazi yako halisi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wenye michoro ya CPU, kumbukumbu na diski, na uendelee na kazi inayokukera. Matokeo yataangukia katika moja ya dalili nne:

(a) Mapigo yako chini sana, kama GHz 0.4 au 0.8, na joto ni la kawaida. Tatizo ni chaja au kihisio kinachotoa taarifa za uongo. Tazama daraja la kwanza.

(b) Prosesa haijafika nusu ya uwezo wake, lakini diski iko asilimia 100 au kumbukumbu imejaa. Prosesa haina kosa. Tazama daraja la pili.

(c) Joto linaruka hadi karibu nyuzi 100 ndani ya sekunde chache na mapigo yanaanguka. Upozaji umechoka. Tazama daraja la tatu.

(d) Joto liko kwenye 70 hivi, lakini mapigo yanaanguka baada ya nusu dakika. Mashine imefungiwa wati. Tazama daraja la nne.

Aina ya kazi nayo iangaliwe. AutoCAD hutegemea zaidi kiini kimoja chenye mapigo ya juu. Kuongeza viini hakutaisaidia sana. Kutoa video ya mwisho hutumia viini vyote, na Intel nyingi zina sehemu maalumu ya kusimba video iitwayo Quick Sync ambayo watu husahau kuiwasha katika programu ya kuhariri. Faili la hesabu lililohifadhiwa kwenye kompyuta nyingine ya ofisi litachelewa kwa sababu ya mtandao, hata ungekuwa na prosesa ya milioni tano.

4. DARAJA LA KWANZA: YASIYOGUSA WARANTI

Anza na chaja. Laptopi iliyokuja na chaja ya wati 65 ikipewa ya 45 hujinyima ili isizidiwe. Laptopi za Dell zina tabia ya ziada: chaja isiposomeka kuwa halali, mashine hupunguza mapigo ya prosesa na mara nyingi hukataa kuchaji betri. Chaja bandia zimejaa sokoni, na wako waliouza laptopi nzima kwa hasara wakati tatizo lilikuwa waya. Azima chaja halisi kwa mtu, rudia kipimo.

Pili, pandisha mpangilio wa umeme wa Windows hadi utendaji wa juu, kisha angalia programu ya mtengenezaji mwenyewe, kama Lenovo Vantage au Dell Power Manager. Nyingi zina hali tatu: kimya, wastani na kasi. Hali ya kasi huongeza wati na mzunguko wa feni kwa idhini ya kampuni, na waranti inabaki nzima.

Tatu, zima programu zinazojianzisha zenyewe kompyuta inapowaka. Nne, ipe hewa. Laptopi iliyowekwa juu ya kitanda, kitambaa au mapaja huziba matundu ya chini. Kuiinua sentimita mbili kwa nyuma kunashusha joto bila gharama yoyote.

Tano, kuwa na tahadhari na usasishaji wa BIOS, yaani programu ya msingi iliyomo kwenye mazabodi. Toleo jipya linaweza kutibu kasoro ya joto, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mashine inaweza isiwake tena. Chaji betri ijae, chomeka chaja, na usifanye siku ya mgao. Kabla ya hapo hifadhi ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski, nje ya mashine hiyo, kwani baada ya BIOS kubadilika Windows inaweza kuudai, na asiye nao hafungui faili zake.

5. DARAJA LA PILI: KUMBUKUMBU NA DISKI

Kama laptopi yako bado ina diski ya kuzunguka, usiendelee kusoma habari za prosesa mpaka uibadilishe. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika husoma megabaiti 100 hivi kwa sekunde katika hali nzuri, na hushuka vibaya inapotafuta mafaili madogo yaliyotawanyika. SSD ya SATA hupita 500, na ya NVMe huzidi hapo mara kadhaa. Hakuna mabadiliko ya prosesa yatakayokaribia tofauti hiyo.

Kumbukumbu ya GB 4 haitoshi tena kwa kivinjari chenye vichupo kumi na Excel pembeni. GB 8 ni kima cha chini kwa kazi za ofisi. 16 kwa picha, michoro na video. Ukiweza, weka vipande viwili vinavyolingana, kwa sababu prosesa husoma vyote kwa wakati mmoja, na michoro inayoendeshwa na prosesa hiyohiyo hunufaika zaidi.

Lenovo, Dell na HP huchapisha vitabu vya matengenezo vya laptopi zao za kiofisi, bure, vikionyesha kila skrubu. Humo utaona sehemu zipi mteja anaruhusiwa kubadili mwenyewe. Mara nyingi SSD na kumbukumbu zimo, na kuzibadili hakuvunji waranti ya mtengenezaji, ingawa ukivunja kitu wakati wa kubadili, gharama ni yako. Katika baadhi ya laptopi nyembamba kumbukumbu imechomelewa kwenye mazabodi, kwa hiyo soma kitabu kabla ya kulipia kipande. Vifaa vya awali vitunze kwenye bahasha. Ukihitaji kudai waranti, virudishe kwanza.

6. DARAJA LA TATU: KUPOZA

Kati ya prosesa na bamba la shaba linalochukua joto lake kuna utando wa pesti. Baada ya miaka kadhaa pesti hukauka na kupasuka, na matundu ya kupozea huziba kwa vumbi. Laptopi ya miaka minne au mitano iliyoonyesha dalili (c) karibu kila mara inahitaji huduma hii, na huduma hii ndiyo inayorudisha kasi ya prosesa kuliko ujanja wowote wa programu. Ikiwa waranti bado hai, mwachie fundi aliyeidhinishwa na kampuni. Ikiwa imekwisha, fuata utaratibu huu:

Kwanza, weka nakala ya mafaili yako yote nje ya mashine. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko, na chomoa waya wa betri kabla ya kugusa kitu kingine.

Pili, legeza skrubu za bamba kwa mpangilio wa namba zilizochongwa kando yake, kidogo kidogo kwa zamu. Ukilegeza upande mmoja wote kwanza, bamba linaweza kuegemea kona ya prosesa na kuimega.

Tatu, futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Usikwangue kwa bisibisi wala wembe.

Nne, weka pesti mpya isiyopitisha umeme, kama Arctic MX-4 au Noctua NT-H1, tone dogo linalotosha kuenea juu ya kioo cha prosesa. Pesti nyingi haimaanishi ubaridi mwingi.

Tano, ondoa vumbi kwenye feni huku umeizuia isizunguke, rudisha bamba, na kaza skrubu kwa mpangilio uleule. Kisha rudia kipimo cha dakika 10.

Ukimpelekea fundi wa mtaani, taka akubadilishie mbele ya macho yako. Kama lazima uiache, toa SSD ubaki nayo. Mafaili ya wateja wako yanalindwa na sheria, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kwa Kenya na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa Tanzania, na atakayeulizwa yakivuja ni wewe.

Achana na kinachoitwa chuma cha maji. Ni mchanganyiko wa galiamu unaopitisha joto vizuri mno, lakini unapitisha umeme pia, na huila aluminiamu. Tone moja likihama kutoka mahali pake, mazabodi imekwisha.

7. DARAJA LA NNE: VOLTI NA WATI

Hapa ndipo waranti inapoingia shakani. Kabla ya kugusa, elewa hesabu inayotawala. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sawasawa na mapigo, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Ukipandisha mapigo kwa asilimia 10 na ikabidi volti nayo ipande kwa asilimia 10, ulaji wa umeme unaongezeka kwa asilimia 33. Lakini ukipunguza volti kwa asilimia 10 bila kugusa mapigo, ulaji unashuka kwa asilimia 19. Umeme ulioliwa wote hugeuka joto. Kwa hiyo katika laptopi njia yenye busara ni kupunguza volti: prosesa inapoa, na ikipoa inakaa kwenye mapigo ya juu muda mrefu zaidi.

Kupunguza volti kunawezekana kwa sababu kiwanda huweka akiba, ili hata prosesa dhaifu kuliko zote katika kundi ifanye kazi bila kusita. Yako huenda haihitaji akiba yote hiyo. Programu inayotumika sana ni ThrottleStop. Intel nayo ina ya kwake, Extreme Tuning Utility. Punguza millivolti 50 kwenye viini na kwenye kashe kwa pamoja, jaribu, kisha shuka millivolti 10 kwa kila hatua. Laptopi nyingi za kizazi cha 8 huishia kati ya 80 na 100. Kompyuta ikiganda au ikionyesha skrini ya buluu, umepita kiasi. Washa upya, rudi nyuma millivolti 20, na ubaki hapo. Usiipange programu ijianzishe yenyewe mpaka umeitumia wiki nzima katika kazi ya kawaida, kwa sababu mpangilio usiohifadhiwa hufutika ukizima, na hiyo ndiyo njia yako ya kutokea. Katika wiki hiyo weka nakala za kazi kila siku: volti isiyotosha inaweza kuharibu faili bila mashine kuganda.

Huenda ukakuta kipengele hicho kimefungwa. Mnamo Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza shambulio walilolipa jina Plundervolt, lililoonyesha kwamba kupunguza volti kwa makusudi kunaweza kumfanya mdukuzi achomoe siri zilizofichwa ndani ya prosesa. Intel na watengenezaji wa laptopi walijibu kwa BIOS zinazoufunga mlango huo, na laptopi nyingi za baada ya hapo hutoka zimefungwa. Wako wanaorudisha BIOS ya zamani ili waufungue. Kwa mtu anayebeba taarifa za wateja, hilo ni kununua kasi kidogo kwa kuuza usalama, na halishauriwi.

Kuongeza kiwango cha wati, kwa mfano kutoka 15 hadi 20 au 25, ndiyo dawa ya dalili (d), lakini pale tu upozaji unaporuhusu na chaja inatosha. Vipuri vinavyogawa umeme kwenye mazabodi vilichaguliwa kwa kiwango cha awali, na mara nyingi vyenyewe havina feni wala bamba. Panda wati 2 kwa hatua. Ikiwa joto linapita nyuzi 90 kwa mfululizo, shuka.

8. DARAJA LA TANO: YANAYOFUTA WARANTI

Kupandisha mapigo juu ya kiwango cha kiwandani kunawahusu wenye HK au HX pekee. Hizi huwa kwenye laptopi kubwa za michezo ya kompyuta, na tayari hukimbia karibu na kikomo cha upozaji wake. Faida inayobaki ni ndogo, na volti ya juu huchakaza njia za umeme ndani ya prosesa. Tukio la mwaka 2024 linafundisha. Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za vizazi vya 13 na 14 zilikuwa zikiyumba kwa sababu ya volti iliyozidi, ikatoa marekebisho na kuongeza waranti yake kwa miaka miwili. Ikiwa volti iliyozidi imeweza kuchakaza prosesa mikononi mwa aliyezitengeneza, mtumiaji mwenye laptopi nyembamba hana nafasi kubwa ya kukosea.

Kubadilisha prosesa yenyewe kuliwezekana katika laptopi hadi kizazi cha 4, zile zenye herufi M, QM au MQ, ambazo prosesa yake ilikaa kwenye soketi. ThinkPad T430 ya mwaka 2012 iliyotoka na i5-3320M ya viini viwili inapokea i7-3632QM ya viini vinne, zote za wati 35. T440p ya mwaka 2013 inapokea i7-4702MQ ya wati 37 badala ya i5-4300M ya wati hizohizo. Linganisha wati kabla ya kununua. Prosesa ya wati 47 itahitaji upozaji mkubwa zaidi. Tangu kizazi cha 5 prosesa za laptopi za Intel huchomelewa, na fundi anayeahidi kukubadilishia ya EliteBook 840 anaahidi kubadili mazabodi nzima.

Hata pale inapowezekana, jiulize unaelekea wapi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji rasmi kizazi cha 8 cha Intel au kipya zaidi. Fedha inayowekwa kwenye prosesa ya kizazi cha 3 au cha 4 inafaa kwa atakayetumia Linux, au kwa kazi isiyohitaji intaneti.

9. PIGA HESABU KABLA YA KUAMUA

Tuseme unatoa video tatu kwa siku, kila moja dakika 40, na umepata kasi ya asilimia 15 zaidi. Kila video sasa inachukua dakika 35 hivi. Umeokoa dakika 15 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni saa tano na nusu kwa mwezi. Zidisha kwa thamani ya saa yako. Kama saa yako ni shilingi 10,000, ni 55,000 kwa mwezi.

Upande wa pili wa daftari andika thamani ya laptopi leo, miezi ya waranti iliyobaki, na siku ambazo ungekaa bila mashine ikifa. Usisahau kujiuliza kama dakika hizo ulikuwa unazikalia ukisubiri kweli, au ulikuwa unakula chakula cha mchana huku video inajitoa yenyewe. Kasi unayoipata wakati hupo mezani haina thamani.

Kanuni ya jumla ni hii. Waranti ikiwa hai, ishia daraja la pili, na la tatu mpe fundi wa kampuni. Waranti ikiwa imekwisha, fika la nne kwa uangalifu ikiwa una nakala ya kazi na mashine ya akiba. Daraja la tano liachie mashine ambayo ikifa kesho hutakosa kumlipa mtu mshahara.

10. KUMBUKUMBU, NA MAMBO YAKIHARIBIKA

Mali bila daftari huisha bila habari. Andika kila badiliko, tarehe yake, na kipimo cha kabla na cha baada. Badili jambo moja kwa wakati. Ukibadili pesti, volti na wati siku moja, hutajua kipi kilisaidia wala kipi kiligandisha mashine. Badiliko lisiloonekana kwenye kipimo liondolewe, hata kama moyoni unahisi mashine imechangamka.

Mashine ikikataa kuwaka, chomoa chaja na betri, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha jaribu kwa chaja peke yake. Isipowaka, usirudie kuiwasha mara kwa mara, na usimpe fundi wa tatu aendeleze aliyoyaanza wa kwanza. Toa SSD, kazi ihamie kwenye mashine nyingine siku hiyohiyo. Kisha mweleze fundi, au dawati la waranti, ulichokifanya hasa: kilifunguliwa nini, kilibadilishwa nini, kwa kiasi gani. Kuficha hakusaidii, kwa kuwa skrubu zilizoguswa na pesti mpya huonekana mara kifuniko kinapofunguliwa, na anayejua pa kuanzia hatakutoza gharama ya kutafuta.